Mwaka Zuwena Alipokubali Kusoma

"Wewe uliyesoma dini zote za dunia zilikotoka na zilivyosafiri, hii iliyoingia humu ndani ilipita mlango gani usiione?"

Zuwena aliniuliza hivyo akiwa amelikalia begi lake ili zipu ifunge, amenipa mgongo. Mwaka mzima nilikuwa nawakatiza watu kabla hawajamaliza kuuliza, lakini mchana ule nilisimama mlangoni nimeshika kandambili zake, nikamwangalia akipambana na zipu, kisha nikampa kandambili. Alizitumbukiza kwenye mfuko, akajifunga ushungi upya, akatoka kwa mlango wa uani ili asipite sebuleni walipokaa wageni.

Swali hilo limenirudia wiki iliyopita, nilipopata ujumbe kwamba Ma Adventina amefariki. Watu wa Kagera humwita mama mtu mzima "Ma", nasi tuliopanga kwake tukafuata hivyo hivyo, Wasukuma, Wakerewe na yeyote aliyelipa kodi. Nilikaa kwake mwaka mmoja tu, mwaka niliotoka chuo kikuu na shahada ya historia. Nilikuwa najitolea kufundisha sekondari moja ya binafsi huku nasubiri ajira za serikali, ambazo kila siku zilikuwa zinatangazwa kesho. Kwetu ni wapi na wazazi wangu walikuwa watu gani, sitaeleza hapa, kwa sababu hawahusiki. Kilichonifanya niwe hivi nilivyo, mtu asiyeamini haraka na asiyejua kunyamaza, kilinikuta katika nyumba ile, na kwa sehemu kubwa kilinikuta kwa masikio.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kirumba, Mwanza, juu kidogo ambako nyumba zimepanda mawe. Jiwe moja kubwa kama lori lilikuwa limeingia uani, na Ma alianika juu yake nguo, muhogo, na msimu ukifika, senene, wale panzi wa kuliwa. Sebule ilikuwa katikati na chumba chetu kando yake, mimi na Zuwena, vitanda viwili na kijia chembamba kati yake. Kuta hazikufika juu. Fundi aliishia mahali ambapo mtu mrefu akinyoosha mkono angegusa, kisha yakafuata mabati, na dari haikuwekwa kamwe kwa sababu kila mwaka hela ya dari ilisomesha mtu. Basi kila neno lililosemwa sebuleni liliruka ukuta likatua vitandani kwetu. Nilijua nani anadaiwa mchango wa jumuiya ya kanisa, nani kaonekana na mume wa nani pale soko la samaki Mwaloni, na kwa nini padre mpya hapendwi. Alfajiri ilianza adhana kutoka msikiti wa chini. Kabla haijaisha, Ma alikuwa ameanza rozari kwa Kihaya, na jua likitoka, walokole wa jirani waliwasha spika zao mbili. Mimi nililala chali nikizipanga dini hizo kwa umri. Hii ya spika imevuka bahari juzi tu. Hii ya rozari ilizaliwa katika jimbo la pembeni la dola ya Kirumi, ikachukuliwa na dola ile ile iliyomsulubisha mwanzilishi wake. Hii ya adhana ilitoka kwa wafanyabiashara wa jangwani, ikapanda ngamia, ikapanda jahazi, ikatembea kwa miguu na misafara hadi Tabora, ikafika ziwani kabla ya padre wa kwanza. Niliyasema kwa sauti, kwa kuwa siwezi kuwaza kimya.

"Minza, lala," Zuwena alisema kutoka kitanda cha pili. "Mungu mwenyewe bado hajaamka."

Naye ndiye aliyekuwa anaamka sasa hivi kwa ajili ya Mungu huyo huyo. Alitoka Ukerewe, mtoto aliyelelewa na mjomba, na alikuwa anauza kwenye duka la dawa Mabatini. Alitandika msala wake katika kile kijia kati ya vitanda, nami nikavuta miguu. Nilimvumilia kwa sababu hakuwahi kunihubiria, naye alinivumilia kwa sababu, alisema, ndani ya nyumba lazima awepo mmoja wa kuombewa. Alitaka kitu kimoja duniani kwa nguvu zote, nacho ni kusomea utabibu. Alichoka kuuza dawa zilizoandikwa na watu wengine. Fomu za chuo alizijaza mara mbili, na mara mbili hela ikaishia kwenye matatizo ya Ukerewe. Kitu cha pili alichokitaka kilikuwa Deo, kitinda mimba wa Ma Adventina, fundi wa majokofu ya samaki, kijana mrefu asiye na maneno mengi, aliyeingia jioni akinuka gesi na sangara na kukaa pale kizingitini kama mtu aliyetumwa asahau alichotumwa. Mama yake alimsemesha kwa Kihaya, sentensi ndefu zenye kupanda na kushuka, naye akajibu "Ee, Mae," yaani ndiyo, mama, akatoka kwenda kukagua bomba la maji. Niliona ni uvivu wa vitinda mimba. Zuwena alimwomba amfundishe lugha yao, akafundishwa "waitu" ya heshima na "kasinge" ya shukrani, basi. Mengine, Deo alisema akicheka, tutafundishana tukishaoana.

Ma hakucheka kuhusu lugha. Kila mgeni kutoka Muleba aliyefika pale alipewa kwanza kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kisha akapewa hotuba. "Watoto wangu wote nimewazalia hapa Mwanza, katikati ya Wasukuma, Waluo na nani, lakini hakuna aliyepoteza lugha hata mmoja. Waulize!" Wageni hawakuuliza. Walitafuna kahawa na kusifu.

Shuleni nilikuwa nafundisha kuenea kwa dini, mada iliyotakiwa kuisha ndani ya vipindi vichache ili tuwahi mtihani. Vitabu vilitoa sababu kwa pointi: biashara, ndoa, vita, shule, hospitali. Niliwachorea wanafunzi ramani ubaoni, mishale ikitoka India, ikitoka Palestina, ikitoka Uarabuni. Niliwaeleza habari za yule mwana wa mfalme aliyeiacha nyumba ya baba yake kwa sababu ya kuona mgonjwa, mzee na maiti, na jinsi mafundisho yake yalivyosafiri na wafanyabiashara na watawa hadi yakastawi mbali kuliko yalikozaliwa. Niliwaeleza nilivyokwenda kwenye hekalu la Wahindi pale mjini, nikavua viatu, nikamwuliza mtunzaji kwa nini hawahubiri, akanijibu, "Sisi tunazaliwa nayo, dada. Wewe ulizaliwa na yako." Darasa likacheka. Ndipo msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Madam, kabla hawajafika wote hao, hapa ziwani Mungu alikuwa anaitwa nani?"

Nilimwambia Wahaya walimwita Ruhanga, na Wasukuma walikuwa na Liwelelo, na kila kabila lilikuwa na jina lake.

"Sasa alijuaje kwamba anaitwa yeye?"

Nilifurahi mpaka nikaangusha chaki. Swali kama hilo nililitafuta chuo kizima nisilipate. Kabla sijafungua mdomo, mkuu wa shule akachungulia dirishani. "Mwalimu Minza, hilo halimo kwenye mtihani. Wape pointi." Nikawapa pointi. Nilirudi Kirumba nimekasirika kiasi kwamba nilipita dukani bila kujibu salamu, na usiku huo nilimweleza Zuwena, na Ma akiwa upande wa pili wa ukuta, kwamba nchi hii watu wanauliza unasali wapi lakini hakuna anayeuliza kwa nini. Wote wanasema Mungu ni mmoja, wote wanasema mgeni apokewe na maskini alishwe, na wote wakimpata jirani mpya jambo la kwanza ni kutaka kujua yuko upande gani ili wajue watamzika vipi.

"Na wewe utazikwa vipi?" Ma aliuliza kwa juu ya ukuta.

"Atazikwa na maktaba, Ma," Zuwena akajibu.

Nilisikia Ma akicheka na kukohoa, kisha rozari ikaendelea.

Nimetaja haya ili ieleweke kwamba tulikuwa tunacheka. Si nyumba ya chuki ninayoisimulia. Deo aliposema anataka kumwoa Zuwena, hakuna aliyepiga kelele. Waliongea kwa upole, na ule upole ndio ulionitia wazimu, kwa sababu kwa miezi kadhaa wote walizunguka jambo lile lile bila kuligusa. Mmoja kati yao alipaswa kubadili dini. Mjomba, Mzee Idrisa, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mabatini, alimwambia Zuwena kwamba kijana ni mzuri na kusilimu hakuchukui muda. Ma alimwambia Deo kwamba binti ni mzuri na Pasaka si mbali. Nami nilijua historia, kwa hiyo nilijua suluhisho. Waende bomani. Sheria inaruhusu, mkuu wa wilaya anafungisha, kila mtu anabaki na Mungu wake. Nililieleza jambo hilo wakati wa chakula, nikaeleza na mifano ya watawala wa zamani waliooa kwa dini za watu wao na wake waliokuja na makasisi wao wenyewe.

"Bomani wanaandikisha pikipiki, waitu," Ma alisema, akaniongezea maharage.

Siku ya swali la Ma ilikuwa msimu wa senene. Gunia lilikuwa limeingia na meli kutoka Bukoba, na jioni nzima tulikaa uani tukinyofoa mabawa na miguu, sufuria mbili, Ma akikaanga kidogo kidogo huku tukila wale wa kwanza kuiva. Zuwena hakuwala mwanzoni. Alisema kwao panzi ni chakula cha kuku. Ma alimtia mmoja mdomoni kwa mkono wake, na Zuwena akafumba macho, akatafuna, akanyoosha mkono kuomba mwingine. Deo alikuwa amekaa juu ya lile jiwe kubwa. Ma alifuta mikono kwa kanga, akauliza kwa Kiswahili, kama mtu anayeulizia chumvi:

"Zuwena mwanangu, ukiolewa hapa, utasoma?"

Uso wa Zuwena ulibadilika. Naukumbuka kuliko kitu chochote cha mwaka ule. "Nitasoma, Ma. Ndicho ninachokitaka kuliko vyote. Niliogopa kukuambia."

"Uliogopa nini? Kusoma ni jambo la heri. Deo, umesikia?"

"Nimesikia, Mae. Mimi mwenyewe nimemwambia asome," Deo alisema kutoka juu ya jiwe.

"Na mjomba wako hatachukia?"

"Mjomba alishasema zamani nisome mpaka nichoke."

Ma aliweka kijiko chini. Alikuwa na machozi, akasema ni moshi. Alimshika Zuwena kichwa kwa mikono yake miwili yenye mafuta, kwa juu ya ushungi, akasema kitu kwa Kihaya ambacho hakuna aliyekitafsiri. Usiku ule Zuwena hakulala. Aliniambia tena na tena kwamba amepata mama mkwe atakayempeleka chuo. Nami niliyelala kitanda cha pili, niliyejua kila njia ambayo dini ilipita kufika ziwani, nilimwambia hongera.

Mzee Idrisa na wazee wenzake wawili walikuja Jumapili moja baada ya misa ya pili, kupanga mahari. Ma alikuwa amefanya kila kitu kama inavyotakiwa. Alimwita jirani Mwislamu kuchinja mbuzi, ili wote wale bila wasiwasi, jambo ambalo watu wa Mwanza walilifanya miaka nenda miaka rudi bila mtu kuandika kitabu. Ndizi zilipikwa na nyama katika sufuria kubwa ya jumuiya. Kaka yake Ma, Ta Felician, maana wanaume wao huitwa "Ta", alikuwa amevuka na kivuko cha Kigongo na wazee wengine kutoka Muleba, wamevaa makoti katika joto lile. Wanaume walikaa kwenye makochi, na sisi wanawake tukakaa kwenye mkeka upande wa mlango wa jikoni, Zuwena kati yangu na Mama Pelagia, Mhaya mwenzake Ma na mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene mchangamfu aliyejua kila kitu na kumpenda kila mtu. Kahawa ilizungushwa. Mzee Idrisa aliitafuna na kuisifu, akatania kwamba Wahaya hawana haja ya mahari, wangemlipa kwa kahawa tu. Vicheko. Chakula kikaletwa. Kila mmoja alikuwa ameshika tonge la kwanza wakati Mama Pelagia alipoomba kusema neno moja tu la shukrani.

"Sisi kama jumuiya," alisema, "tunamshukuru Mzee Idrisa kwa moyo wake mkubwa. Si wajomba wote wanaweza. Binti yetu Zuwena amekubali kusoma, jina lake tumeshalipeleka parokiani, na Mungu akipenda Pasaka hii atapata maji."

"Maji gani?" Mzee Idrisa aliuliza.

"Ya ubatizo, mzee."

Alilirudisha tonge sahanini. Alifanya hivyo taratibu, kisha akanawa mkono ule uliokuwa haujafika mdomoni. Wazee wenzake wakanawa pia. "Zuwena," alisema bila kumwangalia, "umekubali nini katika nyumba hii?"

"Chuo!" Zuwena alisema. "Mjomba, nilisema chuo. Ma aliniuliza kama nitasoma, nikasema nitasoma. Utabibu, mjomba. Utabibu!"

"Nilikuuliza kusoma," Ma Adventina alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Ukasema ndicho unachokitaka kuliko vyote. Ukasema mjomba ameruhusu. Nimekwenda kwa katekista kwa miguu yangu."

Hapo ndipo nililiona. Nililiona lote kwa mara moja, jinsi mtu anavyoona nyoka aliyekuwa pale tangu alipoingia chumbani. Nilikuwa nimelisoma mwaka wa pili, kwenye meza ya maktaba: kwamba kaskazini mwa ziwa, watu wa kwanza kufuata dini hizi ngeni waliitwa wasomaji, wa Kurani kwanza, kisha wa Biblia, kwa sababu dini ilifika ikiwa imeshikwa mkononi kama kitabu, na aliyetaka kuingia alipewa herufi. Neno hilo likashuka na mapadre na makatekista hadi Kagera, likabaki. Kwa watu wa umri wa Ma Adventina, kusoma na kusali na kuwa Mkristo ni neno moja. Nilisimama. Sijui nani aliniambia nisimame. Niliwaeleza. Niliwaambia hakuna aliyedanganya hapa, ni neno limetembea njia mbili. Nilimgeukia Mzee Idrisa nikamwambia hata kwenu, mzee, neno la kwanza Mtume kuambiwa pangoni lilikuwa Soma, neno hili ni lenu wote wawili, mmepewa na historia moja, mnagombania nini?

"Binti," Mzee Idrisa alisema, "kaa chini. Hatukuja darasani."

"Lakini mzee, ukisikiliza..."

"Minza," Ma akasema, "waitu, nyamaza."

Nikakaa. Nadhani sijawahi kuwa sahihi kiasi kile maisha yangu yote, na sijawahi kuwa bure kiasi kile. Mpaka leo nikisimama mbele ya darasa huwa kuna dakika naisikia ile "kaa chini" nikiwa katikati ya sentensi, na napandwa hasira upya, si kwa yule mzee, aliyekuwa na haki ya kuogopa alichokiogopa, bali kwa maarifa yenyewe. Yanakuja na viatu vizuri, yamechelewa, na mlango umeshafungwa.

Lakini si hilo lililovunja ndoa. Mzee Idrisa hakuwa mtu wa kukurupuka. Alisema kama ni neno tu limepotea njia, basi mwenye kujua lugha ya mama yake aseme, naye ni kijana. Wote tukamwangalia Deo. Alikuwa amekaa kwenye stuli kati ya wajomba zake, mikono katikati ya magoti. Ma hakumsubiri. Alimgeukia akamwuliza kwa Kihaya, kwa kirefu, sauti ikipanda mwishoni, na Ta Felician na wazee wote wa Muleba wakamtazama mdomoni.

"Ee, Mae," Deo alisema.

Wazee wa Muleba wakatikisa vichwa. Ma akafumba macho. Zuwena aliinama kwa Mama Pelagia, akauliza kwa kunong'ona, hivi kwamba mimi tu na yeye tulisikia, "Mama amesemaje?"

"Amemwuliza," Mama Pelagia alinong'ona, naye hakuwa na furaha tena, "kama jioni ile ya senene alielewa kwamba mama yake anauliza habari za dini. Kama alielewa, akanyamaza tu. Amesema ndiyo."

Zuwena aliinuka kwenye mkeka, akaingia chumbani kwetu, nami nikamfuata. Mengine nimeshayasimulia mwanzoni: begi, zipu, swali, mlango wa uani. Mjomba wake alimkuta barabarani. Ndani ya juma moja alikuwa Ukerewe, amebadili laini ya simu. Mwaka uliofuata mjomba yule yule, kwa hasira au kwa huruma, sijui, alimlipia chuo. Leo ni tabibu Kahama, ana mume na watoto, na tukiongea hatulitaji jina la Deo.

Deo alinijia mara mbili. Alisimama kizingitini, akaniuliza Zuwena yuko wapi na kwa nini ameondoka bila kumwuliza neno. Nilimwona mnafiki wa kiwango ambacho hata vitabuni sikukiona. Aliuacha uwongo utambae kwa sababu ulikuwa unampeleka alikotaka, akaukiri mbele za watu, halafu anakuja kuniuliza kwa nini. "Kamwulize mama yako," nilimwambia, nikafunga mlango. Ma naye kwa wiki kadhaa alinipikia bila kunisemesha. Siku moja tu, kwa juu ya ukuta, taa zikiwa zimezimwa, alisema kwa Kiswahili ili nielewe, "Alisema mwenyewe, ndicho anachokitaka kuliko vyote." Rozari ya alfajiri iliyofuata niliisikiliza hadi mwisho nikitafuta ndani yake jambo moja la kuchukia, na nililisikia jina la Zuwena likitajwa katikati ya maneno nisiyoyajua. Ajira zilipotoka nilipangiwa Sengerema, nikavuka na kivuko pale Kigongo na godoro langu, nikaapa sitapanga tena nyumba isiyo na dari.

Basi juzi nilirudi Kirumba. Siku hizi unavuka kwa daraja, hata hupati muda wa kufikiri. Turubai lilikuwa limefungwa hadi kwenye lile jiwe, viti vya plastiki vimejaa, mwili ulikuwa uondoke asubuhi kwenda kuzikwa Muleba. Mama Pelagia, mzee sasa, alinikumbatia akalia. Wanaume wa familia walikuwa wamesimama mstari kupokea pole, na Deo akiwa wa mwisho, ameota mvi pembeni. Nilipanga foleni nikiwa nimeshaamua kwamba nitampa mkono na sitampa neno. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja wa Kagera, mdogo wake Ma au binamu yake, ameinama, amefunga kitenge juu ya gauni. Alimshika Deo mikono yote miwili, akamsemesha kwa Kihaya, analia, maneno marefu, na mwisho sauti ikapanda.

"Ee, Mama," Deo alisema.

Bibi alimtazama. Akarudia mwisho wa maneno yake, ile sehemu iliyopanda.

"Ee," Deo alisema.

Kijana wa kike aliyemshika bibi mkono akaweka kiganja mdomoni kuzuia kicheko cha msibani. "Bibi, achana naye," alisema kwa Kiswahili. "Anko, bibi anauliza mwili unatoka saa ngapi."

"Ah. Saa kumi na moja alfajiri, bibi."

Bibi akasogea. Mimi nikawa mbele ya Deo na mkono wangu nimeusahau hewani. Deo aliutazama, akaniangalia usoni, akatabasamu kidogo kwa aibu, kama alivyotabasamu zamani alipokuwa anafundisha "waitu" na "kasinge".

"Usinicheke, Mwalimu," alisema polepole, ili wajomba wasisikie. "Sikuwahi kukijua Kihaya. Mama alijisifia kwa watu, basi nikawa namwitikia. Hata siku ile ya mahari, mpaka leo sijui aliniuliza nini."